Mrejesho: mara yangu ya kwanza kwenye meza ya karata za 21

Nawashukuru nyote mlionishauri nilipouliza namna ya kujiandaa kucheza karata za 21 (blackjack, mchezo wa kumshinda mgawa karata kwa kukaribia jumla ya 21 bila kuivuka) kasino kwa mara ya kwanza. Aliyenionya nitafute meza inayolipa 3 kwa 2 (yaani 3 kwa kila 2 za dau), badala ya 6 kwa 5, mchezaji anapopewa ree na karata ya 10 alinifaa sana, kwa kuwa meza za aina zote mbili zilikuwa jirani na tofauti hiyo ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kitambaa.

Nilikosea mapema: nilimpa mgawa karata fedha mkononi, naye akaniomba kwa upole niziweke mezani, ambako kamera huziona. Kilichonitesa zaidi ni kushika karata zenye jumla ya 16 huku yeye akionyesha 10. Nilijua kanuni inataka niongeze karata, lakini niliogopa, nikabaki na 16 yangu, naye akafunua 9, akanishinda kwa 19. Hali hiyo ilipojirudia niliongeza, nikapata 8, nikavuka 21 (jirani yangu alicheka, nami sikujizuia). Bima (dau la pembeni kwamba mgawa karata ana 21 kwa karata zake mbili za kwanza) niliikataa kila ilipotolewa, kama mlivyosisitiza. Niliondoka baada ya saa moja, nikiwa nimebakiwa na nusu ya fedha nilizotenga.