Ushauri: wajukuu watatu wanakuja Naxos kwa wiki tatu, wazazi hawaji. Nitayarishe nini?

BibiWaVisiwani

Habari za humu ndani. Naomba msaada kwa wanaovijua visiwa vya Cyclades, Ugiriki. Mimi na babu yao tunakaa Naxos, kijijini, kama kilomita tano kutoka mjini Chora. Wajukuu wanafika Julai 22 na kuondoka Agosti 13. Wawili wanatoka Leicester na pasi za Uingereza, mmoja miaka 11 na mwingine 7. Binamu yao wa miaka 9 anatoka Dar na pasi ya Tanzania. Wote watasindikizwa mpaka uwanja wa ndege wa Athens, na babu atawapokea hapo.

Nyumba ina vyumba viwili, paa la kukaa jioni, tangi la lita 1,000, hita ya jua na kisima cha zamani cha maji ya mvua uani. Nataka kujua kuhusu karatasi za yule wa Dar, meli, nyumba yenyewe na bahari. Na hawa wa Leicester chakula chao ni chipsi tu. Semeni msinifiche.

Mpitanjia_Piraeus

Shikamoo Bibi. Anza na wa Dar, mengine yanasubiri. Ombi la viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo) hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usiikaribie hiyo 15, maana miadi ya Mei na Juni hujaa. Faili liwe tayari Aprili. Ada ya mtoto aliyetimiza miaka 6 na hajafika 12 ni euro 45. Bima ya safari igharimie matibabu ya angalau euro 30,000 na ihesabu siku zote, ya kuingia na ya kutoka zikiwemo.

Faili za watoto huangushwa na idhini ya mzazi mmoja tu. Wazazi wote wawili wasaini mbele ya wakili, waambatishe nakala za pasi au vitambulisho vyao. Kama mmoja hayupo, pawe na cheti cha kifo au amri ya mahakama inayosema mtoto yuko chini ya nani. Tena lingisheni herufi: kama cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed na pasi Muhammad, rekebisheni sasa, msingoje kuulizwa dirishani. Wewe andika barua ya mwaliko yenye anwani na tarehe, weka nakala ya kibali chako cha ukaazi na hati ya nyumba au mkataba wa pango.

Wa Leicester hawahitaji viza, wana siku 90 ndani ya kila 180. Mpakani sasa kuna mfumo wa kusajili wageni kwa picha na alama za vidole, lakini aliye chini ya miaka 12 hupigwa picha tu. Foleni ndiyo tatizo, kwa hiyo usikate tiketi ya meli inayoondoka saa tatu baada ya ndege kutua. Nao pia wabebe idhini ya wazazi. Mtoto mwenye jina la ukoo tofauti na la babu yake lazima aulizwe.

Mpitanjia_Piraeus

Nimesahau meli. Kutoka Piraeus, bandari ya Athens, meli kubwa ya kawaida huchukua saa tano na kitu, ya kasi kama tatu na nusu. Kwa watoto chukua kubwa: ina nafasi ya kutembea na haiwarushi kama ile ya kasi. Akianza kuhisi kichefuchefu, mkae katikati ya meli, chini, si mbele. Wa miaka 7 na 9 watalipa nusu nauli, wa 11 analipa kamili, maana nusu inaishia 10. Kila mtoto awe na tiketi yenye jina lake lilivyo kwenye pasi.

Metro ya mstari wa 3 inatoka uwanjani mpaka Piraeus moja kwa moja, kama saa nzima. Bandari ya Rafina iko karibu zaidi na uwanja na nayo ina meli za Naxos, ila nyingi ni za kasi.

FundiMabomba

Bibi, mimi nitasema habari ya hita yako ya jua. Julai maji ndani ya ile silinda ya juu ya paa yanapita nyuzi 70 kirahisi, na mchana hakuna anayeyatumia. Mtoto akifungua bomba jekundu saa kumi jioni, ngozi inaungua ndani ya sekunde. Mwite fundi afunge vali ya kuchanganyia maji, ile inayojirekebisha yenyewe, kwenye bomba linalotoka hitani kabla halijagawanyika kwenda bafuni na jikoni. Aiweke nyuzi 45. Kazi ya saa moja au mbili. Akishafunga, usimwamini kwa maneno: shika kipimajoto cha jikoni, fungua maji moto peke yake dakika mbili, soma. Na ile swichi ya umeme ya hita iwe imezimwa kipindi chote hicho, haina kazi kiangazi.

Tangi sasa. Mtu anayejibana hutumia kama lita 100 kwa siku. Mko watano, ni 500. Maji ya bomba yakikatika, una siku mbili. Mwaka 2024 bwawa kubwa la Naxos lilikauka, kwa hiyo kukatika kwa maji si hadithi. Kinachomaliza tangi ni bafu la kutoa mchanga. Bomba la bafu la kawaida linatoa lita 8 kwa dakika. Mtoto akikaa dakika kumi ni 80, watatu 240, na hapo bado hujaosha sufuria. Waogeshwe uani kwa ndoo ya lita 10 na kopo, mchanga ubaki nje, kisha bafuni dakika mbili za sabuni. Mchanga ukiingia kwenye bomba la bafu utaniita mimi.

Karatasi ya chooni haitupwi chooni, inatiwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Mabomba ni membamba na shimo ni dogo. Wa Leicester watasahau kila siku wiki ya kwanza. Bandika picha ukutani, usawa wa macho ya wa miaka 7.

Kisima: kifuniko cha chuma chenye kufuli, na ufunguo usikae kwenye msumari wa jikoni. Kifuniko cha mbao kilichokaa juani miaka kumi kinaonekana kizima mpaka mtoto akikanyage.

Nesi_Mstaafu

Nakubaliana na Fundi, niongeze paa. Kuta za paa za nyumba za Cyclades mara nyingi ni fupi, sentimita 40 au 50, ni kikalio zaidi kuliko ukuta. Watoto wasipande bila mtu mzima, na viti visisogezwe ukingoni.

Uani na barabarani kuna oleanda, vile vichaka vya maua ya pinki au meupe. Wagiriki huita pikrodafni. Sumu iko kwenye jani, ua na kijiti. Wasivunje vijiti vyake kuchomea mishikaki wala kuchezea mdomoni. Kwenye kuta za mawe makavu kuna nge, kwa hiyo viatu vikung'utwe asubuhi na mikono isiingizwe kwenye matundu.

Namba ziandike jokofuni: 112 ya dharura zote, 166 gari la wagonjwa, 108 walinzi wa pwani. Hospitali iko Chora. Wa Leicester waje na kadi yao ya afya ya Uingereza inayotumika Ulaya; yule wa Dar ana bima ya viza, kwa hiyo chapa ukurasa wenye namba ya kupiga.

Jua: kati ya saa tano asubuhi na saa kumi na moja jioni wasiwe ufukweni. Na tuache ile imani kwamba ngozi nyeusi haihitaji mafuta ya jua. Inaungua, ila wekundu hauonekani mapema, mtoto analalamika usiku. Mafuta yenye kinga (SPF) 30 kwenda juu, robo saa kabla ya kutoka, na kurudia kila saa mbili na kila akitoka majini.

Mwanamaji_Bweni

Hapo kwenye bahari ndipo watu wanapokosea, Bibi, kwa sababu wanaangalia mawimbi na kusahau upepo. Julai na Agosti kuna meltemi. Kwa mtu wa pwani yetu niseme ni kaskazi ya huku, ila inavuma katikati ya kiangazi, anga jeupe, hakuna wingu la kukuonya. Inaweza kukaa Beaufort (kipimo cha nguvu za upepo) 6 au 7 siku tatu nne mfululizo. Mara nyingi inazidi kuanzia adhuhuri na kupungua jioni, kwa hiyo muda wenu ni saa mbili hadi saa tano asubuhi.

Fukwe za magharibi, kama Agios Prokopios, Agia Anna na Plaka, zina nchi kavu upande upepo unakotokea, na maji yanaonekana yametulia kama bakuli. Utulivu huo ndio mtego. Upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Mtoto akikaa juu ya boya la kupulizwa, lile la bata au farasi, anasukumwa nje bila wimbi lolote kumshtua. Boya ni jepesi, limesimama juu kama tanga. Mtu mzima anayeogelea vizuri halifikii. Likiondoka tupu, liacheni liende.

Kwa hiyo nyumbani kwako maboya yasiwepo kabisa. Nunua jaketi la kuokolea kwa kila mtoto kulingana na kilo zake zilizoandikwa ndani, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Lijaribu nchi kavu: mnyanyue mtoto kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa.

Kipimo cha haraka mkifika: rusha konzi ya mchanga mkavu usawa wa kiuno. Ukiruka kuelekea majini, watoto waishie maji ya magotini na mtu mzima asimame upande wa bahari, yeye awe mbali zaidi kuliko wao. Kukaa chini ya mwavuli na kuangalia hakutoshi.

Agios Georgios hapo karibu na mji maji ni mafupi na ni mazuri kwa wa miaka 7, ila kaeni upande wa mjini. Upande wa kusini ni wa mbao za matanga, wale wanaoteleza majini kwa upepo. Ufukwe wa Mikri Vigla, upande wa kaskazini, muwaachie wenye matanga.

Nesi_Mstaafu

Mwanamaji kasema vyema. Viumbe vya majini: yuko samaki anayejifukia mchangani kwenye maji mafupi, wanamwita drakena, ana miiba ya sumu mgongoni. Maumivu yake ni makali mno kwa kidonda kidogo. Dawa yake ni maji moto ambayo mtu mzima anaweza kuyavumilia, nyuzi 40 hadi 45, mguu ukae humo dakika 30 mpaka 90, ukiongeza maji yanapopoa. Kwa hiyo beba chupa ya chai yenye maji moto na beseni dogo kwenye kapu la ufukweni. Pima kwanza kwa mkono wako, kwa sababu mtoto mwenye maumivu hajui kama anaungua. Akivimba uso au akipumua kwa shida, 166. Viatu vya mpira vya majini vinazuia nusu ya haya, pamoja na wale wa miiba wa miambani.

Kaka_wa_Tanga

Yavuyavu je? Si siki tu?

Nesi_Mstaafu

Hapana mwanangu. Siki inategemea aina. Yule wa zambarau anayewasha sana Mediterania, siki haishauriwi kwake. Osha kwa maji ya bahari, si ya bomba, usisugue. Ondoa nyuzi kwa ukingo wa kadi ya plastiki, kisha barafu iliyofungwa kitambaani.

BibiWaVisiwani

Marahaba nyote, nawashukuru sana. Fundi nimeshampigia simu wa hapa. Maswali mawili yamebaki. Mchana huo wote tusipokuwa baharini tunafanya nini, na jirani zetu ni wazee? Na chakula?

Jikoni_Pande_Zote

Bibi, kiangazi kuna saa za utulivu kisheria: saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu, na usiku saa tano hadi saa moja asubuhi. Mpira ukutani hapo hapana. Funga madirisha na vibao vyake tangu saa nne asubuhi, feni ielekee ukutani, karata, bao, kulala. Fungua jua likishuka.

Jioni wapeleke Portara, lile lango la marumaru la hekalu ambalo halikumalizika, karne ya 6 kabla ya Kristo. Halina kiingilio. Siku ya meltemi mawimbi hurukia njia ya kwenda huko, basi ahirisheni. Yule wa miaka 11 atapenda sanamu ya Apollonas iliyolala machimboni, zaidi ya mita 10, ila barabara ina kona nyingi. Wasile kifungua kinywa kizito.

Chipsi mmefika kwenyewe, viazi vya Naxos vina jina. Loweka vipande nusu saa, kausha kabisa kwa taulo, kaanga mara ya kwanza nyuzi 150 dakika sita, toa, vipoe, kisha nyuzi 185 dakika mbili. Ukishawashika kwa hizo, leta mchicha. Upo: waulize wauza mboga vlita, ni mchicha uleule. Wagiriki huuchemsha na kutia limau, wewe unga kwa kitunguu na nyanya. Ugali utapata unga wa njano. Epuka pakiti ya polenta ya dakika moja, imeshapikwa kiwandani na hutoa uji mzito tu.

Mpitanjia_Piraeus

Bibi, nimerudi kwa jambo moja. Ndege ni Agosti 13? Usikate meli ya siku hiyo. Upepo ukifika Beaufort 8 meli kwa kawaida huzuiwa bandarini, na za kasi husimama mapema zaidi. Nauli ya meli utarudishiwa au kubadilishiwa siku, ya ndege hakuna atakayekulipa. Ondokeni tarehe 11, mlale Athens usiku mbili. Na babu akate tiketi yake ya kurudi leo hii, kwa sababu tarehe 13 na 14 watu wote wanakwenda visiwani kwa sikukuu ya Agosti 15 na meli za kutoka Piraeus hujaa.

BibiWaVisiwani

Tarehe 11 asubuhi au jioni?

Mpitanjia_Piraeus

Asubuhi. Ya jioni ikizuiwa, mnabaki na siku moja tu mkononi.