Kuta za barafu zinazoporomoka: ziingizwe kwenye makadirio ya kupanga pwani au zitolewe?

Kusi (mleta mada)
Wakuu, mwaka 2016 wanasayansi DeConto na Pollard waliingiza kanuni kwenye modeli ya kompyuta ya barafu ya Antaktika: ukuta wa barafu ukizidi takriban mita 100 juu ya maji haujibebi, unaporomoka. Wakapata Antaktika peke yake inapandisha bahari zaidi ya mita 1 ifikapo 2100, hewa ukaa ikiachwa iongezeke ovyo. Mwaka 2021 wenyewe wakashuka hadi sentimita 34. Mjenzi wa ukuta wa bahari afuate ipi? Mimi nasema kanuni itolewe mpaka ithibitike. Kila rafu ikimegua siwa barafu tunatishwa bure.

Nusu_Kilomita
Ukiitoa umeshaandika kwamba uwezekano ni sifuri, na hilo nalo lathibitishwa na nani? IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, mwaka 2021 waliliweka kando kama jambo lenye uwezekano mdogo na madhara makubwa: bahari kupanda karibu mita 2 ifikapo 2100. Halafu "rafu ikimegua"? Rafu ni ya uwanjani, mkuu. Refa yuko wapi?

Kusi
Bamba lililotokeza kutoka bara, limekaa juu ya maji. Hiyo ni rafu. Wewe unaitaje?

Nusu_Kilomita
Bamba linaloelea. Rafu ya kabati haielei.

Chepe
Mnabishania neno, hesabu iko uchi. Chukua kanuni ya mwanafizikia Nye ya kina cha nyufa: ufa unashuka mpaka mkazo wa kuvuta ulingane na uzito wa barafu. Bamba la mita 300 lisilobanwa na kisiwa wala kingo: ufa wa juu mita 16 hivi, wa chini unaoingiwa na bahari mita 134. Jumla 150, nusu ya unene. Kwa kanuni hiyo bamba huru halikatiki kamwe! Ndipo watu wanamimina maji ya kuyeyuka kwenye ufa wa juu, maana maji ni mazito kuliko barafu (kilo 1,000 kwa 917 kila mita ya ujazo), yanausukuma ushuke. Larsen B, rafu ya Antaktika, ilijaa madimbwi kabla ya kusambaratika 2002, sawa. Lakini siwa barafu A-68 ilitoka rafu jirani ya Larsen C Julai 2017, huko ni katikati ya baridi. Madimbwi yako wapi?

Mzee_wa_Gridi
Chepe umesahau kitu. Nyufa zikila nusu ya unene, nusu iliyobaki inabeba mzigo wote. Mkazo unapanda, nyufa zinazidi kuingia. Ukilipa hilo nafasi kwenye mizani ya nguvu, bamba huru linakatika bila tone la maji.

Chepe
Sijasahau. Nimeandika "kwa kanuni hiyo". Soma kwanza.

Mbayuwayu
Kwani A-68, tani trilioni 1, ilipandisha bahari kiasi gani?

Kusi
Sifuri. Ilikuwa inaelea tayari. Mambo ya darasani haya.

Mzee_wa_Gridi
Si sifuri. Ilisukuma maji ya chumvi kilomita za ujazo 973. Ikiyeyuka inatoa maji matamu 1,000. Zimezidi 27. Gawa kwa bahari zote, kilomita za mraba milioni 361: milimita 0.07 na ushee.

Kusi
Kwa hiyo sifuri.

Mzee_wa_Gridi
Kwa hiyo 0.07. Darasani hawakukufundisha chumvi?

Nusu_Kilomita
Hasira yote hii kwa unene wa unywele! Kinachopotea ni kizuizi. Larsen B ilipoondoka, mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake iliongeza kasi mara kadhaa. Rafu, haya nimekubali neno, ndiyo ilikuwa breki.

Kusi
Basi soma Morlighem na wenzake, 2024. Waliiondoa rafu yote ya Thwaites, mto wa barafu wa Antaktika Magharibi, kwenye modeli, na ukuta haukuporomoka mfululizo karne hii. Mjadala umekwisha.

Nusu_Kilomita
Thwaites tu, karne hii tu. Ukuta wa bahari hausimami mpaka 2100 ukajibomoa.

Chepe
Na kanuni nyingine mnazozitegemea? Ile ya Levermann ya kukadiria mmeguko inazidisha kasi mbili za mnyumbuko (jinsi barafu inavyotanuka), ya kufuata mtiririko na ya kuukatiza, kisha inazidisha kwa kigezo K. K inarekebishwa mpaka ukingo ukae pale setilaiti inapouona. Halafu inatoa mmeguko wa kila siku, laini kama uji. A-68 haikumeguka kwa siku. Ufa ulisafiri miaka, kisha kipande kikatoka kizima.

Mzee_wa_Gridi
Kipande kizima ndicho kinachoua programu. Seli, vimraba vya barafu kwenye modeli, zikikatwa na ukingo, kisiwa cha barafu kinachobaki hakina msuguano chini wala kamba ya kukishika. Jedwali la milinganyo ya kasi halina jibu moja, kikokotozi kinazunguka mpaka kinakata tamaa. Kabla ya kila hatua ya kasi, anzia seli zinazogusa mwamba, weka alama kwa kila jirani yenye barafu, na isiyopata alama ifute.

Mbayuwayu
Zinazogusana kwa kona je?

Mzee_wa_Gridi
Pande nne tu. Kona moja ni bawaba, kipande kinazunguka na unarudi palepale.

Kusi
Na ujazo uliofutwa unauandika wapi?

Chepe
Kwenye safu ya mmeguko. Wengi wanausahau, halafu wanashangaa hesabu ya barafu haifungi.