Kiwango cha kukubaliwa kwa waomba hifadhi Ulaya: je, kinalinganishika?

Mwanauzamili aliuliza:
Wanajukwaa, salaam. Ninaandika tasnifu inayolinganisha sera za Ujerumani, Uswidi na Denmark kwa waomba hifadhi kutoka Syria, kati ya mwaka 2013 na 2018. Nilikusudia kutumia kiwango cha kukubaliwa kama kipimo kikuu, lakini takwimu za Eurostat kuhusu Ujerumani hazilingani na zile za BAMF, idara ya serikali inayoamua maombi hayo, ingawa zote zinahusu mwaka uleule. Nifuate zipi, na je, kipimo chenyewe kinatosha?

Mtakwimu alijibu:
Ndugu, hapo hakuna anayedanganya; tofauti iko kwenye kigawanyo. BAMF hugawanya idadi ya waliopewa hifadhi kwa maamuzi yote, yakiwemo yale yaliyofunga jalada bila kugusa kiini cha ombi, kwa mfano mwombaji anapojiondoa, au inapobainika kwamba kwa Kanuni ya Dublin nchi nyingine ndiyo yenye wajibu wa kumsikiliza. Eurostat huyaacha nje maamuzi ya aina hiyo, na ndiyo maana kiwango chake huwa juu zaidi. Kwa kazi yako tumia Eurostat, wala usishangae kuona kila idadi inaishia na 0 au 5, kwa sababu huzikadiria hadi tano iliyo karibu.

Jihadhari pia usigawanye waliokubaliwa mwaka 2016 kwa walioomba mwaka 2016, kwani Uswidi peke yake ilipokea maombi takriban 163,000 mwaka 2015 na mengi yakajibiwa baadaye. Hungaria nayo ilisajili zaidi ya 170,000 mwaka huohuo, ilhali wengi wa waombaji wale walikwishaondoka kuelekea kaskazini kabla hata ya kusikilizwa. Anayesoma idadi ya maombi peke yake anaweza kudhani kwamba hiyo ndiyo nchi waliyoitamani.

Mwanasheria aliongeza:
Hesabu hiyo ni sahihi, ila mimi ningeuliza kwanza mtu amekubaliwa kwa hadhi gani. Mwaka 2015 Ujerumani iliwapa karibu Wasyria wote hadhi ya ukimbizi chini ya Mkataba wa Geneva wa 1951, pamoja na kibali cha miaka 3. Uswidi iliwapa wengi wao hifadhi ya ngazi ya pili, ile ya mtu asiyetimiza masharti ya Mkataba lakini akirudishwa atakabiliwa na madhara makubwa; hata hivyo, tangu Septemba 2013 iliwapa ukaazi wa kudumu. Hadhi ilikuwa ya chini, kibali kikawa na nguvu zaidi, na kiwango cha kukubaliwa hakiwezi kukuonyesha hilo.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Ujerumani ilianza kuwapa Wasyria wengi hifadhi ya ngazi ya pili, na kuanzia Machi 2016 ikawasimamishia wenye hadhi hiyo haki ya kuleta familia hadi katikati ya 2018. Uswidi ikaanza kutoa vibali vya muda Julai 2016, vya miezi 13 kwa ngazi ya pili na miaka 3 kwa wakimbizi.

Mwanauzamili:
Nashukuru sana. Nitaongeza basi vipimo viwili, muda wa kibali na haki ya kuleta familia. Je, Denmark niiache, maadamu haifungwi na maagizo ya Umoja wa Ulaya kuhusu hadhi za hifadhi?

Mwanasheria:
Usiiache, kwa sababu kutofungwa huko ndiko kunakoifanya iwe mfano mzuri. Isome kwa kifungu cha 7 cha sheria yake ya wageni, ambacho tangu 2015 kina hadhi tatu, ya tatu ikiwa ya muda tu. Wenye hadhi hiyo waliwekewa miaka 3 ya kusubiri kabla ya kuomba kuleta familia, na Julai 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, katika kesi ya M.A. dhidi ya Denmark, kwamba masharti hayo yalikiuka haki ya maisha ya familia. Hukumu hiyo iko nje ya kipindi chako, lakini aya zake zinazolinganisha sheria za nchi mbalimbali zitakupunguzia kazi ya wiki kadhaa.