Ushauri: kazi ya kijeshi ya silaha zisizoua kabla vita haijawa vita (kisa cha Mwamba wa Ayungin)

Mkondo_wa_Nungwi
Wakuu, salaam. Naandaa andiko la kozi ya usalama wa bahari kuhusu silaha zisizoua pale ambapo nchi mbili zinagombana lakini vita haijawa vita. Nimechagua Mwamba wa Second Thomas katika Bahari ya China Kusini, unaogombaniwa na China na Ufilipino, ambao Wafilipino huuita Ayungin. Meli yao kuukuu BRP Sierra Madre (BRP hutangulia majina ya meli za serikali ya Ufilipino) ilipandishwa juu ya mwamba huo mwaka 1999 na wanajeshi wachache wanaishi humo hadi leo. Sitaki liwe orodha ya vifaa. Mizinga ya maji ambayo meli za China huwarushia Wafilipino inafanya kazi gani hasa ya kijeshi? Na mstari wa vita uko wapi, yaani ni kitendo gani kinageuza ugomvi kuwa vita?

PampuNaPropela
Mkuu, tanguliza kazi, kifaa kifuate. China haina haja ya kuzamisha boti ya mahitaji. Chakula na vifaa vya ukarabati visipofika, chuma cha Sierra Madre kitaliwa na kutu mpaka meli ibomoke yenyewe. Kwa hiyo pima kila tukio kwa swali moja: mzigo ulifika?

Halafu weka namba. Mfumo wa zimamoto wa daraja la FiFi 1 kwenye meli za kazi una mizinga miwili, kila mmoja ukitoa mita za ujazo 1,200 kwa saa na kurusha maji mita 120. Hizo ni lita 333 kila sekunde kwa mzinga mmoja. Yakitoka kwa shinikizo la bar 11, maji yanakimbia karibu mita 47 kwa sekunde na msukumo wake unafika tani moja na nusu hivi. Kwa mbali, upepo huyatawanya yakawa mvua tu. Kwa karibu, kioo cha chumba cha usukani hakistahimili. Tarehe 5 Machi 2024 kioo cha Unaizah May 4, boti ya mahitaji ya Ufilipino, kilivunjwa na watu wanne wakaumia. Tarehe 23 mwezi huohuo boti hiyo, ambayo ni ya mbao, iliharibiwa vibaya.

Hatari ambayo wengi huiruka ni maji yanayobaki sitahani. Nusu ya mzinga mmoja ikiangukia ndani ya boti, ni tani 10 kwa dakika. Matundu ya kutolea maji yakizibwa na kamba au magunia, maji yanahama upande hadi upande kadiri boti inavyoyumba, na boti ndogo inaweza kupinduka. Aliyeshika mzinga hakupanga kuua mtu, lakini watu watakufa.

Kifungu_cha_Nne
Kuhusu mstari wa vita: Mkataba wa Ulinzi wa Marekani na Ufilipino wa 1951, unaozitaka nchi hizo zisaidiane, unazungumzia shambulio la silaha. Mwongozo wa Mei 2023 ukaeleza wazi kwamba walinzi wa pwani nao wamo, popote katika Bahari ya China Kusini. Tarehe 31 Mei 2024, akiwa Singapore, Rais Marcos alisema Mfilipino akiuawa kwa kitendo cha makusudi, hilo litakaribia sana kuwa kitendo cha vita.

Sasa fuata tarehe, maana hapa ndipo moyo wa andiko lako. Tarehe 17 Juni 2024 Wachina waliokuwa kwenye boti ndogo, wakiwa na visu na mashoka, walizivamia boti za mpira za jeshi la wanamaji la Ufilipino. Askari mmoja alipoteza kidole gumba. Tarehe 21 Katibu Mtendaji wa Ufilipino, Lucas Bersamin, akasema halikuwa shambulio la silaha, pengine ni kutoelewana au ajali. Tarehe 24 Waziri wa Ulinzi Teodoro akakataa: kilikuwa kitendo cha makusudi. Tarehe 21 Julai pande mbili zikafikia maelewano ya muda kuhusu kupeleka mahitaji.

Serikali moja, kauli mbili ndani ya siku tatu. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya silaha isiyoua: inamwachia mpinzani nafasi ya kusema "hii si vita", na mpinzani mwenye nafasi hiyo mara nyingi huitumia.

Mlima_na_Mto
Nakubaliana na Kifungu, ila Mkondo usiandike kwamba kifo ndicho mstari. Bonde la Galwan, mpakani mwa India na China, 15 Juni 2020: askari 20 wa India walikufa, na China baadaye ilikiri kufiwa na wanne. Hakuna risasi iliyopigwa, kwa kuwa makubaliano ya 1996 yanakataza kufyatua risasi ndani ya kilomita mbili kutoka mstari wa udhibiti. Walipigana kwa mawe na marungu yenye misumari, juu ya mita 4,000, na baridi ikamaliza majeruhi wengi. Bado haikuwa vita. Mstari ni uamuzi wa wakuu wa nchi, na kifo kinapunguza tu muda wa kuamua.

Mkondo_wa_Nungwi
Asanteni sana, wakuu. Na leza je? Vipaza sauti? Gesi ya machozi?

PampuNaPropela
Leza: tarehe 6 Februari 2023 meli ya walinzi wa pwani wa China iliimulika BRP Malapascua kwa mwanga wa kijani, na Manila ikasema mabaharia walipofuka kwa muda. Itifaki ya kimataifa ya 1995 inakataza leza zilizoundwa mahsusi kupofusha kwa kudumu, kwa hiyo upofu wa muda unabaki kwenye mwanya. Kijeshi inatosha: macho yakishapoteza mazoea ya giza, huchukua nusu saa hivi kuyarudisha. Kosa la hatari ni kutazama chanzo kwa darubini. Darubini ya 7x50 huingiza jichoni mwanga kama mara 50 zaidi.

Sauti: kipaza cha desibeli 153 kwa mita moja hubaki na 119 kwa mita 50 na 113 kwa mita 100, hata kabla ya upepo kupunguza. Aliyeziba masikio ataendelea kuja. Faida yake ni kutenganisha mvuvi aliyepotea na anayekuja kwa nia mbaya, kwa sababu mvuvi atageuza. Meli ya watalii Seabourn Spirit, iliyokuwa ikielekea Mombasa, ilitumia kifaa hicho dhidi ya maharamia pwani ya Somalia tarehe 5 Novemba 2005. Ilinusurika, lakini pia iliongeza mwendo na kukimbia, na roketi ilikuwa tayari imeipiga. Sauti peke yake isingeiokoa.

Kifungu_cha_Nne
Gesi iandikie aya yake. Mkataba wa Silaha za Kemikali unaikataza kama mbinu ya vita lakini unairuhusu katika kusimamia sheria. Jeshi la Ufilipino lilieleza kwamba ilitumika 17 Juni. Ndiyo maana China hutanguliza walinzi wa pwani na kuita kila kitu utekelezaji wa sheria: mtutu uleule wa gesi hubadilika hadhi kwa kutegemea nani ameushika na kwa jina gani.

Mlima_na_Mto
Ongeza ajali za kufukuzana, maana mizinga ya maji inalazimisha meli kusogeleana. Tarehe 11 Agosti 2025, karibu na Mwamba wa Scarborough, mwingine unaogombaniwa na nchi hizo mbili, meli ya walinzi wa pwani wa China namba 3104 ilikuwa ikimfukuza BRP Suluan, ikagongana na manowari ya China yenyewe na pua yake ikapondeka. Na tukio hilo dunia ililiona kwa kuwa Wafilipino walikuwa wanarekodi. Kama andiko lako lina sehemu ya mapendekezo kwa boti za doria, liweke hili juu ya vifaa vyote: kamera zenye saa na mahali, zikirekodi kuanzia onyo la kwanza la redio, si kuanzia maji yanapotua.