Tupeane uzoefu: Kufuatilia bajeti ya halmashauri mpaka maji yatoke bombani

karani_wa_vikao

Wakuu, habari za wakati huu. Madiwani wapya, wajumbe wa halmashauri za vijiji na wananchi wanauliza swali lile lile: mradi wa maji ulitengewa fedha, ukazinduliwa, na bomba limekauka. Tuanzie wapi? Naomba uzi huu ukusanye mbinu. Kila mwenye ujuzi aseme anakagua nini, kwa karatasi gani, na wapi huwa panavuja. Visa vya mtu mmoja mmoja tuviache, tuweke vitu ambavyo mtu anaweza kuvifanya wiki hii.

Naanza na kalenda, kwa sababu wengi wanashindwa hapo. Hapa Tanzania mwaka wa fedha ni 1 Julai hadi 30 Juni, ila bajeti yake hupikwa miezi mingi kabla. Vipaumbele viibuliwe kijijini kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, vipite halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Baraza la bajeti hukaa mwanzoni mwa mwaka, mara nyingi Januari au Februari. Anayesimama Aprili kudai mradi anaongelea mwaka wa fedha utakaofuata baada ya huo wa Julai, hata kama hajui.

Silaha ya kijiji ni muhtasari wa mkutano mkuu: ajenda, maamuzi, orodha ya mahudhurio, sahihi na mhuri. Mtendaji wa kijiji abaki na nakala, nyingine iende kata. Ukomo wa bajeti unaposhushwa, miradi isiyo na muhtasari nyuma yake ndiyo inayokatwa kwanza, na hakuna wa kuitetea.

mama_hazina

Asante ndugu karani. Nieleze kabrasha, lile bunda la taarifa za kikao, linavyosomwa.

Taarifa ya utekelezaji ina safu nne za kushikilia: makisio ya mwaka, fedha zilizopokelewa, zilizotumika, na bakaa. Safu ya tano, ile ya asilimia, msiiamini kabla ya kuuliza imekokotolewa juu ya nini. Chukua mradi wenye makisio ya milioni 200. Zimepokelewa milioni 50, zimetumika milioni 48. Ukigawa kwa zilizopokelewa unapata asilimia 96, na kikao kitapiga makofi. Ukigawa kwa makisio unapata asilimia 24. Zote mbili ni hesabu sahihi. Mheshimiwa diwani adai zote mbili ziandikwe, pamoja na safu ya hali halisi ya kazi: msingi, lenta, kupaua, au mita ngapi za bomba zimelazwa.

Kitu cha pili ni makusanyo. Mapato ya ndani hukusanywa kwa mashine za POS, zile za mkononi zinazotoa risiti. Omba jedwali lenye namba ya kila mashine, aliyekabidhiwa, kiasi alichokusanya na kiasi kilichofika benki. Tofauti kati ya safu hizo mbili za mwisho ndiyo fedha mbichi, ile iliyokusanywa na haijawekwa benki. Ikiangaliwa kila mwezi inarudishwa. Ikiachwa hadi Juni mkusanyaji ameshahama, na inageuka hoja ya ukaguzi. Angalia pia mashine zilizokaa siku nyingi bila kusoma mtandaoni. Huenda ni kweli hakuna mtandao pale mnadani, lakini ziandikwe na zitolewe maelezo.

Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukaa kila mwezi. Baraza hukaa kila robo. Kwa hiyo kazi ya kweli ya kudhibiti fedha iko kwenye kamati, na diwani anayengoja baraza anakuta fedha za miezi mitatu zimeshatoka. Akidi ya kamati ikikosekana mara mbili mfululizo, hilo lenyewe liulizwe barazani.

Kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu): hukokotolewa baada ya kutoa mapato lindwa, yaani yale yaliyokwisha kupangiwa matumizi maalumu. Ombeni mchanganuo wa mapato lindwa kwanza, maana hapo ndipo kiasi cha mikopo hupanda au kushuka.

mpimaji_wa_bomba

Wakuu, kwenye maji kuna jambo moja lazima lisemwe mapema. Tangu 1 Julai 2019, kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka huo, maji vijijini yako chini ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), na wahandisi wa maji wa wilaya walihamia huko kutoka halmashauri. RUWASA iko Wizara ya Maji, halmashauri iko TAMISEMI. Ukifungua kitabu cha bajeti cha halmashauri kutafuta fedha za kisima chako, hutaziona, na mkurugenzi atakujibu kwa haki kabisa kwamba hazipiti kwake. Omba mpango kazi wa mwaka wa RUWASA wilaya: jina la mradi, gharama ya mkataba, chanzo cha fedha, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Meneja wa wilaya hualikwa kutoa taarifa barazani. Maswali yaandikwe na yamfikie kabla, ili aje na faili. Mijini mnashughulika na mamlaka ya maji, na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ndiyo inayoidhinisha bei zake.

Sasa hesabu ambayo kila mjumbe aijue. Kiwango cha vijijini ni lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250. Tuseme kijiji kina watu 3,000. Wakiongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 10 watakuwa kama 4,030. Mara 25 ni lita 100,800. Weka asilimia 20 ya upotevu njiani, unahitaji kuzalisha kama lita 126,000 kwa siku. Pampu ya sola ikifanya kazi vizuri saa 6, kisima kitoe lita 21,000 kwa saa. Ukiambiwa kisima kilichochimbwa kinatoa lita 5,000 kwa saa, mradi huo umeshindwa kabla ya bomba la kwanza kulazwa. Usikubali tenki lijengwe kubwa ili kuficha hilo. Tenki halizalishi maji.

Omba cheti cha upimaji wa kisima. Kiwe na kina, kina cha maji kabla na wakati wa kupampu, saa za kupima na kasi ya maji kurudi. Kupima saa mbili tatu hakutoshi. Kipimo cha kuaminika kwa kisima cha kijiji huendelea saa 24, kisha maji yanaangaliwa yanavyorudi. Kisima kilichopimwa Aprili katikati ya masika kitakudanganya Oktoba. Na majibu ya maabara yawepo: Arusha, Manyara, Singida na Shinyanga, floridi iangaliwe kabla ya kitu kingine chochote. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, meno ya watoto yataonyesha kabla ya ripoti yoyote, na kuchemsha hakusaidii.

fundi_hdpe

Niongezee kwenye mabomba, maana hapa fedha nyingi hupotelea ardhini, halisi.

Bomba la HDPE, lile la plastiki ngumu, limechapwa maandishi ubavuni: kipenyo, PE100 (aina ya plastiki), na PN (kiwango cha presha). PN 10 maana yake linahimili presha ya bar 10, sawa na maji yenye mwinuko wa mita 100 hivi. Tenki likiwa mlimani na bonde liko mita 120 chini yake, PN 10 linaweza kupasuka bondeni usiku, wakati hakuna anayechota na presha iko juu kabisa. Pale panahitaji PN 16 au tenki la kupunguza presha katikati. Mjumbe wa kamati ya kijiji hahitaji uhandisi: apige picha maandishi ya bomba linaposhushwa kwenye gari, alinganishe na BOQ, yaani jedwali la vifaa, vipimo na gharama za mradi. PN 16 kwenye karatasi na PN 8 kwenye mtaro ni tofauti kubwa ya fedha.

Mtaro upimwe kwa futi kamba kabla ya kufukiwa. Kina kiko kwenye michoro, kwa kawaida karibu mita moja. Wanaochimba kwa malipo ya mita huanza vizuri barabarani na kupandisha kina porini, na miaka miwili baadaye jembe la ng'ombe linakata bomba. Na presha ipimwe kabla ya kufukia, kwa kawaida mara moja na nusu ya presha ya kazi, karatasi ya kipimo isainiwe na mtu wa kijiji akiwepo. Bomba likishafukiwa, uvujaji unatafutwa kwa kubahatisha.

juma_mtaro

Ndugu fundi, na kituo kikishafunguliwa, mtu wa kawaida anajuaje kama kinatosha?

mpimaji_wa_bomba

Ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250, yaani ndoo 312 na nusu. Koki ikijaza ndoo kwa dakika 2, inahitaji saa 10 na dakika 25 mfululizo. Ikijaza kwa dakika 4, ni zaidi ya saa 20, hakuna kijiji kitakachochota hivyo, na watu watarudi mtoni. Pima saa 12 asubuhi na saa 10 jioni, siku tatu tofauti, uandike. Taarifa ya "kituo kinafanya kazi" inakuwa na maana ukishajua dakika zake.

dada_mhasibu_chombo

Tusisahau chombo cha watumia maji, kile tunachokiita CBWSO. Mradi mzuri hufa mikononi mwake kuliko mikononi mwa mkandarasi.

Soma dira kuu (mita ya maji) ya tenki tarehe moja ya kila mwezi, na dira za vituo vyote siku hiyo hiyo. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50. Tuseme dira kuu inaonyesha uniti 600 na vituo vyote uniti 450. Uniti 150 zimepotea, asilimia 25, kwa hiyo kuna uvujaji, kiunganishi cha wizi au dira mbovu. Sasa fedha: ndoo ikiuzwa shilingi 40, uniti ni shilingi 2,000, na uniti 450 ni shilingi 900,000. Karatasi ya benki ikisoma 610,000, shilingi 290,000 zina majina ya watu. Hesabu hii yote ni ukurasa mmoja. Ibandikwe ofisi ya kijiji na isomwe mkutano mkuu, ambao kisheria ni kila miezi mitatu.

Halafu akiba. Pampu ya milioni 6 mkiikadiria miaka 8, mnatakiwa kuweka shilingi 62,500 kila mwezi kwenye akaunti ambayo posho za vikao hazigusi. Vyombo vingi hupanga bei kwa umeme na mshahara wa fundi tu. Pampu ikiungua, wanazunguka na daftari la michango na kijiji kinakaa kiangazi kizima bila maji. Inauma kuona kina mama wanarudi kwenye madimbwi kwa sababu ya 62,500.

mdau_wa_kaunti

Salamu kutoka Kenya. Kwetu maji ni jukumu la kaunti kwa Katiba ya 2010, hivyo mwakilishi wadi ana mkono wa moja kwa moja. Shikeni tarehe za Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012: mpango wa maendeleo wa mwaka 1 Septemba, mapitio ya bajeti 30 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Mradi wa maji usiokuwa kwenye mpango wa Septemba ukitokea ghafla Aprili, uliza umetoka wapi. Linganisha kila robo na ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti, hasa madeni ambayo hayajalipwa na kama maendeleo yanafika asilimia 30. Pia msilale wakati wa bajeti ya ziada. Fedha za bomba huondolewa pale, kimyakimya, kwenye jedwali la kurasa nyingi.

Kwa kampuni za maji, somo la dada mhasibu ni lile lile: ripoti za WASREB, mdhibiti wa huduma za maji Kenya, zimekuwa zikionyesha zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayalipiwi.

karani_wa_vikao

Shukrani mdau. Nirudi kwenye mipango, kwa sababu hapa halmashauri bado ina nguvu kamili na haiitumii. Zahanati na shule hujengwa kwa fedha za halmashauri, maji yanategemea RUWASA. Bajeti mbili hazikutani na tunafungua wodi ya wazazi isiyo na maji. Kabla ya kupitisha jengo, kamati iulize bomba liko mita ngapi, na RUWASA ithibitishe kwa barua. Likiwa mbali, mifereji ya bati na tenki viingie kwenye BOQ ya jengo. Paa la mita 10 kwa 20 kwenye mvua ya milimita 700 hukusanya kama lita 112,000 kwa mwaka, ukiacha asilimia 20 ya kupotea. Pia vyanzo: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za binadamu ndani ya mita 60, na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji uonyeshe mpaka huo kwa vigingi.

juma_mtaro

Na mkandarasi akishaondoka, bomba likapasuka baada ya miezi mitano?

mama_hazina

Angalia kipindi cha matazamio kwenye mkataba, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 12, na fedha za zuio, sehemu ya malipo yake iliyoshikiliwa ambayo hajalipwa. Kijiji kiandike barua kwa meneja wa RUWASA wilaya, nakala kwa diwani na mkurugenzi: tarehe ya kupasuka, mahali, picha, maandishi ya bomba. Mpeleke kwa mkono na mgongewe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Zuio likishalipwa, matengenezo yanahamia kwenye mfuko wa chombo, kwa hiyo mwezi wa 10 wa matazamio kagueni mtandao wote, kituo kwa kituo, mkaandike kasoro zote kwenye barua moja kabla muda haujaisha.