Naomba ushauri: Nawezaje kuithamini kazi ya utabibu baada ya ndoto ya udaktari kukwama?

Ndugu zangu, nilikusudia kusomea shahada ya udaktari, lakini baba aliugua, akiba yote ikaishia kwenye matibabu yake, nami nikajiunga na stashahada ya utabibu, ambayo huchukua miaka 3. Sasa nahudumu katika zahanati ya kijijini, ambako akina mama huniletea watoto wenye homa kali, nikawapima malaria kwa tone la damu ya kidoleni na kuwaanzishia dawa mseto. Kazi hii naipenda kwa dhati, ila nikiwaona niliosoma nao wakiitwa madaktari, husononeka sana. Mliopitia hali kama hii, mlijifunzaje kuridhika bila kuizika ndoto? Je, niombe ruhusa ya masomo sasa, au nisubiri kwanza wadogo zangu ninaowasomesha wamalize sekondari?