Naomba ushauri: mawimbi ya mvutano nimeyaona, kuthibitisha ndiyo kazi

Wenzangu hamjambo? Niko Kisumu, nasoma fizikia mwaka wa tatu. Mradi wangu ni kutafuta mawimbi ya mvutano (gravitational waves, yaani mitetemo ya nafasi na wakati) kwenye data ya wazi ya LIGO, vile vituo viwili vya Marekani vinavyoyapima, ile ya tarehe 14 Septemba 2015. Nimechuja mvumo wa umeme wa hezi 60 (hiyo ni ya Marekani, yetu ni 50, stima ikiwepo), na ule mlio mfupi unaopanda umejitokeza wenyewe. Kituo cha Livingston kiliupata kwanza, kile cha Hanford kama milisekunde 7 baadaye. Mwanga huchukua milisekunde 10 kati ya vituo hivyo, na mawimbi haya huenda kwa kasi ya mwanga, kwa hivyo hapo sina wasiwasi.

Shida ni kuonyesha kwamba si bahati tu. Msimamizi anataka nisogeze saa za kituo kimoja, kisha nihesabu ni mara ngapi kelele tupu inajifanya ishara. Mimi nikasogeza milisekunde 5, ishara yenyewe ikabaki mle mle! Nisogeze kiasi gani, na mara ngapi? Niiondoe ishara kwanza au niiache?

Laptopu yangu ina ramu ya giga 4, feni inanguruma kama mashine ya kusaga unga. Aliyewahi kufanya hivi anisaidie jamani, nawasilisha Ijumaa.